Chakula cha Mchana kwa Bi Vauclair

Watu wa Nebraska, Marekani, hula mchana kama wanafukuzwa. Dakika ishirini, mkate wenye nyama katikati, kila mtu amerudi kazini. Ndiyo maana Maren Lindqvist alipoongea na baba yake Jumatano alimwambia bila hata kufikiri, "Kesho nipigie saa nane mchana za huku, baba. Chakula kinaanza saa sita na nusu, saa nane nitakuwa nimeshamaliza zamani."

Ilikuwa siku yake ya nne Ufaransa mzee alipoanguka ghalani akakimbizwa hospitali. Alhamisi angepasuliwa moyo. Saa nane ya Ufaransa huko kwao ni saa moja asubuhi, na saa mbili kamili za huko wangemwingiza chumba cha upasuaji. Daktari hakuwaficha kwamba anaweza kutoka na anaweza asitoke. Maren alitaka kurudi, baba akakataa katakata. "Siku kumi tu, malizia masomo yako. Mimi nikiisikia sauti yako kabla hawajanilaza, inanitosha."

Basi Alhamisi hiyo wanafunzi kumi na mmoja wa biashara walipelekwa mjini Beaune, nyumbani kwa Bi Vauclair, mwenye kiwanda cha haradali alichoachiwa na wazee wake. Profesa Hallam aliwapanga nje ya mlango kama watoto wa chekechea. "Simu zibaki kwenye makoti. Mikono ionekane juu ya meza. Habari za biashara hazitajwi mpaka ije jibini. Na hakuna kuinuka mezani kabla ya kahawa. Nawapa alama, msinitie aibu." Maren alifungua mdomo amweleze habari za baba yake, akaufunga. Chakula gani cha mchana kitafika saa nane?

Saa saba na nusu walikuwa bado wamesimama sebuleni na glasi za divai, wakitafuna zeituni. Ilipofika saa nane kasorobo ndipo wakakaa, yakaletwa mayai yaliyopikwa kwenye mchuzi wa divai, na huo ulikuwa mwanzo tu.

"Hiki cha mchana au cha Krismasi?" Trent, mwenzake wa kushoto, alimnong'oneza. Maren hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

Saa nane kamili simu ikalia ukumbini, ndani ya koti lake. Aliujua mlio wake. Akamtazama Profesa Hallam, naye akatikisa kichwa kidogo, anatabasamu. Ikanyamaza, ikalia tena. Bi Vauclair aliendelea kusimulia harusi ya binti yake, na hakuna aliyegeuza shingo.

Maren alijiambia atainuka sahani zikiondolewa. Zikaondolewa, ikaja nyama ya ng'ombe, mwenyeji akampakulia yeye wa kwanza. Angeinukaje sasa? Akajiambia labda baada ya nyama. Usimcheke. Mtu aliyehubiriwa siku nzima, kila siku, kwamba kuinuka mezani ni tusi, makalio humganda kitini. Alitafuna nyama ile haina ladha, huku simu inalia, inanyamaza, inalia. Saa tisa kasoro dakika tano ikanyamaza kabisa.

Baada ya nyama zikaja saladi, jibini, keki. Kahawa ililetwa saa kumi na moja kasorobo. Maren aliiacha kikombeni akakimbilia ukumbini, akampigia kaka yake, Anders, aliyekuwa na mzee hospitali.

"Ametoka?"

"Moyo ulisimama wakiwa wanamshughulikia. Wamehangaika naye nusu saa nzima. Baba hatunaye, mdogo wangu."

Maren akakaa sakafuni chini ya makoti. Bi Vauclair alimkuta hapo, akaogopa. "Kuna nini, mwanangu?"

Maren alimweleza kwa maneno yaliyokatikakatika. Yule mama akashika mdomo.

"Ile simu? Lakini sote tuliisikia. Niliuona na uso wako, nikataka kukwambia nenda kapokee. Profesa wenu alikuwa ameniandikia nisiwalegezee hata kidogo, eti mnajifunza adabu zetu. Adabu gani hiyo? Mtu akipigiwa na baba yake mgonjwa anainuka, hata kwetu anainuka. Ungesema neno moja tu."

"Nilidhani nawaheshimu, Madam," Maren alisema huku analia. Aliichukia meza ile, akamchukia Profesa Hallam na alama zake, na zaidi ya wote alijichukia mwenyewe. Bi Vauclair, na umri wake na nguo yake nzuri, akakaa sakafuni karibu naye, akamshika mkono.

Anders alikuwa bado hajakata simu. "Maren, upo?"

"Nipo. Baba alisema nini?"

"Aliing'ang'ania simu mpaka nesi akaja kumnyang'anya. Akaniuliza, 'Huyu bado anakula tu?' Nikamwambia bado. Akacheka, si unamjua. Akasema, 'Mwache ashibe. Nitampigia nikitoka.'"