Kobalti ya Miaka Kumi na Sita

Saa moja kasorobo asubuhi Mwalimu alikuwa ameshamkalisha mama yake kwenye benchi, kwenye foleni ya mashine ya mionzi, namba kumi na moja. Shuleni aliomba ruhusa. Kidato cha nne wangesoma wenyewe muundo wa atomi. Mama alikuwa na uvimbe kwenye mlango wa kizazi, na daktari alimwandikia vipindi ishirini na vitano, mfululizo. Wiki ya pili ilikuwa inakatika na alikuwa amepata vitatu tu. Siku nyingine zote walirudishwa.

Saa sita karani alitoka na orodha. Akasema mashine ni mbovu, leo mwisho namba nane, waliobaki warudi kesho, na wasimlaumu, yeye ni wa kutumwa tu. Mama akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu, bila kuinama. Kuinama kulimuuma.

Mwalimu akamfuata fundi wa mionzi aliyetoka kunywa maji. Alikuwa amemfundisha fizikia miaka ya nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mashine ina nini?"

Fundi akatazama mlangoni kwanza. "Haina ubovu wowote. Kobalti ndiyo imechoka. Ina miaka kumi na sita. Upande mmoja wa mgonjwa uliokuwa ukichukua dakika mbili, sasa ni kumi na sita, na wengi hupigwa pande nne. Faili la kuomba nyingine liko mezani kwa wakubwa, mwaka wa tatu huu, linasubiri saini."

Mwalimu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alirudi kwenye benchi, akamwambia mama yake avue tena viatu, kisha akachukua kalamu nene iliyofungwa kwa uzi kwenye ubao wa matangazo. Chini ya tangazo la kuwahi foleni aliandika: *Mashine si mbovu.*

Watu wakasogea. Akawaeleza polepole, kama alivyozoea. Kila atomi ya kobalti ina kiini kisichotulia. Siku yake ikifika kinavunjika, kinatoa mionzi, na ile mionzi ndiyo dawa. Ipi itavunjika leo, hakuna ajuaye. Lakini kila miaka mitano na ushei, nusu ya zilizokuwapo zimekwisha. Akachora duara, akaligawa: nusu, robo, thumuni.

"Hii thumuni ndiyo tunayogombania hapa," alisema. "Ilijulikana tangu siku ya kwanza kwamba itafika hapa. Ni hesabu ya darasani."

Karani akamwomba aache, asije akaitiwa mlinzi. Alisema kwa upole, macho yakiwa sakafuni. Dada yake mwenyewe alikuwa namba kumi na nne.

"Mwache amalize," mama akasema.

Mzee mmoja mwenye bandeji shingoni aliinua mkono kama mwanafunzi. Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo.

"Mwanangu, na huu uvimbe wetu? Nao unapungua nusu, nusu?"

Mwalimu akamtazama mzee, kisha mama yake aliyekuwa akimsikiliza kwa makini kuliko wote. Darasani hakuwahi kumdanganya mtoto yeyote.

"Hapana, baba," alisema. "Wenyewe huzidi maradufu."

Mlango ukafunguliwa, fundi akaita namba sita.