Miaka ya Mwandawiro Iliyotupwa Voi

Uvumi ulipanda mlimani na wanunuzi wa chumvi, na ulipofika kijijini Mwanda ukamganda Peris kama kupe. Eti vijana wa milimani wakipelekwa skuli kubwa ya pwani, miaka yao yote ya misheni hutupwa, wakaanzishwa upya pamoja na watoto wanaong'oka meno. Alipalilia maharagwe nao uvumi ule, akalala nao, akaamka nao. Mwanawe Mwandawiro alikuwa amemaliza skuli ya misheni, vitabu vyote, na hesabu mpaka zile za sehemu. Miaka mitano. Sasa alingoja kuvuka kwenda skuli ya pwani, akasomee ualimu.

Siku ya soko Peris alishuka Voi, akamwuliza Mwanamvita, mwenye duka karibu na stesheni, ambaye wapwa zake walisoma huko pwani.

"Shoga yangu, si uongo wala si kweli," akasema Mwanamvita, huku akifunga sukari kwenye karatasi. "Skuli ile ina milango mitatu. Mlango wa ualimu huihesabu miaka uliyokuja nayo, lakini sharti uitaje, upimwe. Ukarani huihesabu ukiwa na Kiingereza. Useremala hauhesabu kitu. Huko hata uwe umesoma mpaka mbinguni, utaanza kwa kushika msumeno. Mwambie mwanao aseme mwenyewe, tena mapema."

"Atasema."

"Nyinyi watu wa milimani? Mna adabu mpaka mnazama nayo."

Peris akacheka, ila kidogo tu.

Mwezi uliofuata Maalim Miraj wa skuli ile alifika Voi kuchagua vijana, akakaa kwenye banda la mizigo la stesheni. Peris alishuka na kaka yake, Hudson, pamoja na Mwandawiro, kwa maana katika ukoo wao kijana hajisemei mbele ya mgeni wakati mjomba wake yupo. Njia nzima Peris aliimba wimbo mmoja: kaka, taja ualimu, taja miaka yake. Hudson akawa anajibu, "Nimesikia, dada. Mimi si mtoto."

Walikuwa wa kwanza kuitwa asubuhi ile. Maalim alikuwa mtu mpole, kanzu safi, sauti ya chini.

"Kijana, wataka kusomea nini?"

Mwandawiro akainamisha macho, akamtazama mjomba wake. Hudson akavua kofia. Peris, aliyesimama nyuma yao na mkungu wa ndizi wa kumtunza maalim, alimwona kaka yake akinyooka kama anayetaka kuomba mke.

"Maalim," akasema Hudson, "mgeni hachagui chakula. Utakachompa, hicho hicho atakula, na sisi tutashukuru."

Peris akasogea mbele hatua moja. Alifungua kinywa, lakini kaka yake alikuwa bado anasema, na mwanamke wa kwao hamkati kaka yake maneno mbele za watu.

"Amesoma wapi?"

"Ah, amesoma kidogo kidogo huko kwetu," akasema Hudson, maana kumsifu mtoto wa nyumbani ni aibu.

Maalim akaitikia kwa kichwa. "Basi ataingia useremala, mwaka wa kwanza. Hapo hatumuulizi mtu alikotoka. Mwingine."

Hudson akashukuru mara mbili, akatoka bandani kifua mbele, akawaacha Peris na Mwandawiro wamesimama kando.

Aliyefuata alikuwa Noah wa Mraru. Alikaa benchi moja na Mwandawiro miaka yote mitano, na mara nyingi alinakili hesabu za mwenzake huyo. Mama yake, Susan, hakuwa na kaka wa kumsemea, wala hakuonekana kumhitaji.

"Maalim, huyu anataka ualimu," akasema kabla hata ya kuulizwa. "Amemaliza vitabu vya misheni. Miaka yake mtaihesabu au mtaitupa? Niambie sasa, ili kama ni kutupa nimrudishe akachunge mbuzi."

Maalim akacheka. Akampa Noah hesabu moja ya sehemu na ukurasa mmoja wa kusoma. Noah akajikwaa, akainuka, akamaliza.

"Ualimu, mwaka wa tatu. Na hiyo ndiyo nafasi yangu ya mwisho ya ualimu."

Peris alisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji ya mtungi. Mwaka wa tatu. Ndizi zilimtoka mikononi, na hakuinama kuziokota.

"Maalim," akasema, na sauti yake mwenyewe aliiona ngeni. "Wangu na huyu wamesoma benchi moja. Wangu ndiye aliyekuwa akimfundisha huyu."

Maalim akamgeukia, naye pia akashtuka. "Mama, mbona hamkusema? Nilikuwa na nafasi mbili. Ya kwanza nimempa kijana wa Taveta jana. Hii ningempa wenu, lakini nimekwisha kumpa huyu, na neno langu sirudishi."

"Aingie useremala, kisha avuke?"

"Havuki. Milango ile haina njia kwa ndani."

"Basi mwakani."

"Mwakani umri wa kupokewa utakuwa umempita."

Hapo Mwandawiro akasema neno lake la kwanza siku ile, polepole. "Mimi nilitaka ualimu, maalim."

"Nakuamini, mwanangu," akasema Maalim Miraj. Kisha akaita, "Mwingine."

Mwandawiro alipanda gari la moshi la pwani, kichwa na mabega juu ya wenzake wa mwaka wa kwanza. Hudson alipunga kofia. Peris hakupunga mkono.

Nawe mama mwenye mwana wa kuvuka skuli, epuka haya:

Usimwache mtu mwingine amsemee, hata akiwa mjomba.

Usiseme "chochote." Chochote ni kile kilichokataliwa na wengine.

Usiseme "amesoma kidogo." Taja vitabu, taja hesabu, na uombe apimwe hapo hapo.

Usikubali mlango kabla ya kuuliza kama miaka yake itahesabiwa, na kama kuna kuvuka baadaye.

Usichelewe, umri haungoji.

Usinyamaze kwa kuogopa kumkata kaka yako maneno. Mkate.