Mstari Mtupu

Zacharia angeweza kuipeleka ile kazi kwa mtu mwingine yeyote. Mwaka ule wa 1996 wapiga taipu walijaa barabara nzima ya soko la Thika, kila mmoja na mashine yake na bango lake. Aliwapita wote, akaingia kwenye duka la Idarous na kusimama mbele ya meza ya Wamboi, kwa sababu alitaka programu ya mazishi ya baba yake ipigwe taipu na mke mdogo wa baba yake. Kuna watu hawatosheki kukuchoma. Wanataka uwatafutie na kuni.

"Sasa, Wamboi," akasema. Hakumwita mama. Hakuwahi kumwita hivyo.

"Salama. Poleni na matanga."

"Tunazika kesho. Nataka hii ikuwe tayari saa hii." Akamwekea karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

Wamboi akaipokea. Aliyekuwa akizikwa ni Gachau, mwanamume aliyeishi naye Ruiru tangu mwanamume huyo alipopata kazi kwenye kinu cha kahawa. Alikuwa amemzalia wavulana wawili, na presha ilipompiga ni yeye aliyemlisha uji kwa kijiko hadi mwisho. Mke mkubwa, Waithira, alikaa shambani Ngoliba, na Zacharia ndiye kifungua mimba wake. Kosa la Wamboi lilikuwa moja tu: hakuwa amefanyiwa ngurario, ile sherehe ya kuchinja inayomfanya mwanamke wa Kikuyu ahesabiwe mke. Kila mwaka Gachau alisema, "Tutaona." Sasa alikuwa amelala kwenye chumba cha maiti na hakuna alichokiona.

Kwa hiyo wazee wa ukoo walikaa Ngoliba wakaamua. Jina la Wamboi lisiandikwe popote. Lakini watoto ni damu, hawana kosa. Waandikwe chini ya watoto wa Waithira, na kati ya hao na hao iachwe nafasi.

Nafasi hiyo haikuwa urembo. Watu wa Ngoliba huitunza programu ya mazishi kabatini pamoja na hati za shamba, na siku ya kugawana ndiyo hutolewa ikasomwa. Shamba hugawanywa kwa nyumba, yaani kila mke na watoto wake, haligawanywi kwa vichwa. Mtu akiona majina, halafu mstari mtupu, halafu majina mengine, anajua marehemu alikuwa na nyumba mbili. Wamboi alilia siku nzima, kisha akajifuta machozi. Kama alitakiwa awe mstari mtupu, basi na awe, mradi wanawe wasomwe kaburini mbele ya watu kuwa ni wana wa Gachau. Hicho tu ndicho alichobaki akikitaka duniani.

Akaanza kupiga. Kompyuta ya Idarous ilikuwa kuukuu, iliyonunuliwa kwenye mnada huko Juja. Skrini yake ilikuwa nyeusi na herufi nyeupe, haikuwa na picha wala kipanya. Unaiandikia amri, nayo inatii. Amri aliyoizoea Wamboi kuliko zote iliitwa column. Unaipa majina, kila jina kwenye mstari wake, nayo inayapanga safu safu, yamenyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Kwaya zote za Thika zilimletea orodha zao kwa ajili hiyo.

Ila column ina tabia yake. Haijali mstari mtupu. Ikiukuta inaumeza, na majina ya chini yanapanda juu kujaza pengo. Wamboi aliijua tabia hiyo kama anavyojua jiko lake, na dawa yake ilikuwa kutia kistari kidogo pale palipo wazi, amri idhani kuna kitu, kisha kukifuta kabla ya kuchapa. Siku hiyo, akiyapiga majina ya wanawe chini ya yale ya watoto wa Waithira, alisahau kistari. Akaipa amri, na skrini ikamletea hivi:

Gachanja     Nyokabi
Wangechi     Gachanja
Kamande      Ndirangu

Wale wanne wa Waithira walikuwa wamemwagika hadi safu ya pili, na wawili wa Wamboi wamegandamana nao, mstari mtupu haupo.

"Imemeza nafasi," Wamboi akasema upesi. "Ngoja nitie kistari."

"Usitie." Zacharia alikuwa amezunguka meza, anapumua juu ya bega lake. "Wacha hivyo. Hiyo ndiyo poa."

"Wazee walisema kuwe na nafasi."

"Wazee hawako hapa. Sikia, Wamboi. Wewe unataka nini? Si unataka vijana wako wasomwe? Watasomwa. Watarusha mchanga kama sisi. Lakini watasomwa kama watoto wa mama yangu, nyumba moja. Ama uweke hiyo nafasi yako, na mimi nichukue karatasi yangu niende nipigiwe pengine watoto wanne peke yake. Kesho kaburini nani ataniuliza? Wewe?"

Wamboi akatazama nyuma ya duka. Idarous alikuwa amesikia kila neno, naye akazidi kuinamia printa yake, anahangaika na utepe usiokuwa na shida yoyote. Mteja ni mteja.

Alijua maana ya lile jambo. Bila nafasi hakuna nyumba ya pili, na bila nyumba ya pili shamba lote ni la Waithira, na wanawe watakula kwa huruma ya mwanamke asiyewapenda. Lakini wangekuwa wamesomwa. Mtu aliyesomwa kaburini hawezi kuitwa mwanaharamu sokoni. Mwenye nguvu mpishe, akajiambia, na moyo wake ukamuuma kwa kujiambia hivyo.

"Wacha ikae hivyo," akasema.

Alidhani yameisha. Zacharia hakuondoka. Alinyoosha kidole akagonga kioo cha skrini, mara moja juu, mara moja chini.

"Sasa tuko na shida ingine. Gachanja ni wawili."

Hapo ndipo Wamboi alipouona mtego ambao tayari alikuwa ameingiza mguu ndani yake. Kila mwanamke wa Kikuyu humpa mwanawe wa kwanza wa kiume jina la baba wa mumewe. Baba yake Gachau aliitwa Gachanja. Waithira alimpa Zacharia jina hilo la nyumbani, na Wamboi akampa kifungua mimba wake, kwa haki ileile, na Gachau mwenyewe akamnyanyua mtoto akacheka. Nyumba mbili zinaweza kuwa na Gachanja wawili bila mtu kushangaa. Lakini mama mmoja hamzai Gachanja mara mbili. Ngoliba nzima ingecheka, kisha ingeuliza.

"Wa juu ni mimi," Zacharia akasema. "Toa huyo wa chini."

"Ni kifungua mimba wangu, Zacharia."

"Najua."

"Nimuandike jina la kanisa. Elijah."

"Wengine wote majina ya nyumbani, yeye peke yake wa kanisa? Watu si wajinga. Ndirangu abaki, huyo amepewa jina la baba yako, hana shida na mtu. Ama watoke wote wawili. Haraka, niko na watu wanachimba kaburi."

Wamboi akakiangalia kitufe cha kufutia. Ndirangu bado mdogo, akawaza, ndiye anayehitaji kwao. Gachanja yuko kidato cha pili, ana akili, nitamkalisha leo jioni nimweleze. Mtu akitaka kumtupa mwanawe hakosi sababu. Aliligonga jina herufi kwa herufi hadi likaisha, akaipa tena amri, na column ikayapanga matano yaliyobaki vizuri kabisa, kana kwamba hayajawahi kuwa sita. Printa ikaanza kupiga kelele zake. Zacharia akachukua nakala zake zikiwa na joto.

"Kazi safi," akasema.

Jioni ile huko Ruiru Gachanja alipiga pasi shati lake, na la mdogo wake pia. Akamuuliza mama yake, "Maitu, mimi ndio nitaitwa kwanza, halafu Ndirangu, sindio?"

Ilikuwa saa ya kusema. Wamboi akafunika sufuria.

"Ndiyo, mwanangu," akasema.

Kesho yake nakala za programu hazikutosha. Zilishikwa na wakubwa. Wamboi alisimama nyuma pamoja na majirani wa Ruiru, wanawe wakiwa pembeni yake. Aliyeongoza shughuli alikuwa Mwanzia, mzee wa kanisa, mtu mwema asiyejua lolote zaidi ya alichoandikiwa. Akafungua karatasi.

"Sasa namuita mjane wetu, Mama Waithira, na watoto wake, warushe mchanga." Waithira akaenda na kitambaa chake cheusi. "Gachanja!"

Zacharia hakuwa na haraka. Lakini kuna Gachanja mwingine aliyekuwa amengojea sauti hiyo tangu asubuhi. Alichomoka, akapita katikati ya watu, akainama akajaza mchanga kiganjani. Alikuwa tayari ameunyoosha mkono juu ya kaburi la baba yake, Zacharia alipomkamata kifundo cha mkono.

"Wee! Unatafuta nini hapa?"

"Nimeitwa."

Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha matanga kinachofichwa kwa kukohoa. Mwanzia akaiangalia karatasi yake, akavua miwani, akaivaa tena.

"Gachanja hapa ni mmoja. Kijana, wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Gachau."

"Na mama yako?"

Kijana akageuka. "Maitu, waambie."

Vichwa vyote vikageuka pamoja naye. Wamboi akafungua mdomo. Ng'ambo ya kaburi Zacharia aliinua programu yake na kuweka kidole mwisho kabisa, pale palipoandikwa Ndirangu, jina ambalo lilikuwa bado halijasomwa. Ndirangu alikuwa amemshika mama yake mkono.

"Mama," Mwanzia akauliza kwa upole, "huyu kijana ni wako?"

"Ni wangu."

"Na wewe ni nani hapa kwa boma?"

"Mimi ndiye nimepiga taipu hiyo programu," Wamboi akajibu.

Gachanja alimtazama. Jioni nyingi alikuwa amemngoja mama yake pale dukani kwa Idarous, na alijua majina yanavyoingia kwenye karatasi na ni mkono wa nani unaoyaingiza. Akafungua kiganja, mchanga ukamwagikia viatu vyake mwenyewe. Akapita katikati ya watu akielekea barabarani, na hakumwangalia mtu.

Mwanzia akasafisha koo, akaendelea. Wangechi. Kamande. Nyokabi. Kisha akasoma, "Ndirangu."

Waithira akanyoosha mkono wake uliojaa mchanga, kwa ajili ya macho ya watu. Mtoto hakusogea. Alizidi kumng'ang'ania mama yake, akaficha uso kwenye sketi yake. Wamboi akambandua kidole kimoja kimoja, akamgeuza kuelekea kaburini, akamsukuma mgongoni.

"Nenda kwa mama yako," akamwambia.