Nilikuja Kumpakata, Nikapewa Sufuria

Hebu niambie, wewe umewahi kufunga safari kwenda kumpakata mjukuu, ukafika ukaishia kupakata sufuria?

Mimi ndiyo yaliyonikuta. Nilifika kwa mwanangu na mbeleko mpya ya kumbebea mume wangu, maana mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, hilo halina mjadala. Mkwe wangu akanipokea vizuri, akanitua mzigo, na kabla sijakaa sawasawa akasema, "Mama, nawa kwanza, halafu nikuonyeshe mambo ya chupa."

Mambo ya chupa! Maziwa ya mama hayakumtosha mtoto, kwa hiyo chupa haikukoma. Unaifungua vipande: chuchu, pete, kifuniko, na chupa yenyewe. Unasugua, unasuuza, unazamisha vyote majini kisibaki hata kiputo cha hewa, unachemsha, unaanika kwenye kitambaa safi. Ukimaliza, mtoto kashalala. Akiamka, anayemlisha ni mama yake. Mimi nakabidhiwa chupa tupu.

Nikasema moyoni, nikizing'arisha sana, huenda nikaaminiwa kumshika mtoto. Nikachukua waya wa kusugulia masufuria, nikasugua mpaka jasho likanitoka. Chupa zikatoka zimekwaruzika kama visigino vyangu.

"Mama! Umezifanya nini?"

"Nimezitakatisha."

"Hii si plastiki? Ikikwaruzika uchafu unajificha humo. Tena ukiichemsha ikiwa imekwaruzika hivi, ndiyo kemikali zinaingia kwenye maziwa!"

"Sasa kama ina sumu, mliinunua ya nini?"

Akazitupa zote. Waya kweli ulikuwa kosa, sibishi, lakini alizitupa kwa kishindo, na kishindo kile kilikuwa changu.

Jioni akarudi kutoka dukani na chupa mbili za kioo. Nikazichemsha kwa adabu zote, pamoja na kikombe na kijiko cha mtoto, nikavianika. Nikatoka kidogo kwenda kumwaga maji machafu. Narudi, sufuria iko jikoni inatokota, na chupa zangu zimo ndani!

"Hizo nimeshazichemsha, mwanangu."

"Najua, Mama. Nahakikisha tu."

Anahakikisha! Kama ni kutokota, mimi nilitokota kuliko yale maji. Mara mtoto akaamka na kilio cha njaa. Mkwe akababaika, akazichopoa chupa kwa koleo, akazisukuma chini ya bomba zipoe upesi. Nilifungua mdomo nimzuie, nikawa nimechelewa. Ta! Ta! Sinki ikajaa vipande.

Akaketi sakafuni na mtoto wake anayelia. "Maziwa yapo, chupa hakuna. Nimechoka mimi."

"Kikombe kipo," nikasema. "Na kijiko. Mtoto mdogo hunywa kwa kikombe, ukimpa taratibu na kumkalisha wima."

"Kimechemka vizuri?"

Nikamtazama tu. Akanitazama. Kicheko kikamtoka pamoja na machozi, akafuta kamasi kwa mgongo wa mkono.

"Basi, Mama. Basi. Kila siku nakuambia ufanye hiki, ufanye kile, sijakuuliza hata mara moja. Wewe unataka nini?"

Nikafuta mikono yangu, nikakunjua mbeleko.

"Nataka kumpakata mtoto. Tangu nifike nashika chupa, mume wangu sijamshika. Nipe."