Chupa za Meza ya Bwana

"Mama Ratemo, hii chupa uliyonipa ni ya serikali gani?"

Ndivyo Bitutu alivyouliza, amesimama mlangoni kwa Drusilla kule Nyamarambe, chupa ameificha chini ya leso kama mtu aliyeiba kuku. Ilikuwa mwaka wa 1964, Pasaka ikikaribia. Asubuhi hiyo chifu alikuwa amesoma barua barazani: serikali yetu mpya haitaki tena bidhaa za Afrika Kusini, kwa vile Makaburu wanavyowatesa watu weusi huko. Mwenye nazo azitoe. Ijumaa angekuja afisa wa biashara kutoka mjini Kisii kukagua.

Drusilla aliitazama karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Kichala cha zabibu, na chini yake maneno ya Kiingereza. Darasa la nne lilimtosha kuyasoma.

"Ni ya huko huko kwa Makaburu," akasema.

"Basi ichukue. Mimi nina watoto."

Drusilla akaipokea. "Mbona imejaa?"

"Ni mafuta ya taa. Ulitaka niirudishe tupu, kama mtu asiyelelewa na mama?"

Tangu mumewe afariki, Drusilla ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya kanisa na kutunza nyumbani kwake divai ya Meza ya Bwana. Divai ikiisha, chupa zilikuwa zake, naye aliwagawia wanawake. Hakuna aliyebandua zile karatasi, maana zabibu zilipendeza. Tena Bitutu alidai kwamba maziwa yakitiwa katika chupa ya kanisa hayachachi upesi. Drusilla alikuwa amemkanya mara mbili juu ya maneno hayo.

Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na Afrika Kusini yake. Kufikia Alhamisi wanawake wote walikuwa wamezirudisha, na hakuna hata mmoja aliyerudisha chombo kitupu. Mokeira alileta maziwa. Kemuma alileta uji wa wimbi. Mwingine asali, mwingine samli, mwingine dawa ya tumbo aliyoichemsha mwenyewe. Drusilla alizipanga ukutani, zote zimezibwa kwa magunzi ya mahindi. Nyuma kabisa zilikaa nne zenye vizibo vyake vya kiwandani, ambazo hazijafunguliwa. Hiyo ndiyo divai ya Pasaka, na madukani mjini haikuwepo nyingine.

Jioni Mzee Nyasani wa kanisa alipita. Alizihesabu zile nne kwa macho.

"Asipouliza, usiseme," alimwambia. "Pasipo divai hakuna Meza. Na pasipo Meza, wazee watauliza ufunguo unashikwa na nani."

"Nimekusikia, Mzee," Drusilla akajibu. Kusikia alikuwa amesikia.

Ijumaa akaja Eliakim Otiende, mtu wa kule ziwani, mrefu, kofia kichwani na daftari kwapani. Alisimama katikati ya nyumba akatazama ukuta mzima wa zabibu.

"Mama, wewe unauza jumla?"

"Siuzi. Nimerudishiwa na majirani."

"Kwetu tukisema majirani hatumaanishi Keptauni."

"Ndani ni maziwa, Bwana Otiende."

"Kila mtu wa magendo ninayemkuta ana maziwa."

Akavuta gunzi la kwanza, akaonja. Maziwa. Akavuta la pili. Uji. Akaanza kuonja kwa imani, na ya tatu akaipiga funda. Ilikuwa ile ya Bitutu. Alitoka mbio hadi kwenye migomba akakaa huko kitambo, Drusilla akampelekea maji.

"Ile ilikuwa nini?" akauliza aliporudi, macho yamejaa machozi.

"Ya Bitutu."

Otiende akaketi, akaandika polepole, akisoma kwa sauti: maziwa, uji, mafuta ya taa, na vinginevyo vya nyumbani. Akafunga daftari.

"Nimemaliza, Mama."

Drusilla alitazama mikono yake. Aliona ufunguo ukining'inia kiunoni pa mtu mwingine. Aliona na watu waliofunga na kuungama, wamekaa kwenye mabenchi wakingoja kikombe kisichokuja.

"Bwana Otiende, hujafika nyuma."

"Naona kutoka hapa."

"Kutoka hapo huoni."

"Mama, nimesema nimemaliza."

"Zile nne ni divai. Yenyewe. Ni ya Pasaka."

Otiende alimwangalia kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyejirudisha zizini. Kisha akafungua daftari, akaandika nne, akazichukua. Zile nyingine akaagiza zibanduliwe karatasi.

"Vyombo vyangu vitarudi?" Drusilla akauliza.

"Nitaona."

Mzee Nyasani alipopata habari alisema ufunguo urudishwe Jumamosi, kabla ya jua kutua. Drusilla aliusugua kwa majivu ili autoe ukiwa safi.

Jumamosi alasiri, mzee akiwa ameshaketi ndani na mkono wazi, Otiende aliingia na kikapu. Aliweka mezani chupa nne, zimesuguliwa mpaka hazina hata alama ya gundi, zimezibwa kwa magunzi. Zilikuwa zimejaa.

"Ofisi haiwezi kumrudishia mtu chombo kitupu," akasema.

Drusilla akavuta gunzi moja, akanusa. Divai. Akampa mzee. Mzee akanusa, akaukunja mkono wake uliokuwa wazi, akauweka mapajani.

"Bwana Otiende," Drusilla akauliza, "na hii ni ya serikali gani?"

Otiende akavaa kofia yake, akatoka.