Injini Iliyooshwa

"Mama, acha kwanza. Utamaliza betri," alisema fundi jirani.

Mama Dobi aliachia ufunguo. Gari lilikohoa mara ya mwisho, likanyamaza. Kwenye kiti cha nyuma binti yake alikuwa amelala ubavu juu ya mashuka ya wateja, mikono yote miwili imekumbatia tumbo. Daktari alikuwa amesema mtoto tumboni amekaa kimshazari, kwa hiyo binti apasuliwe asubuhi hii, kabla uchungu haujaanza. Uchungu ulikuwa umeanza kabla ya chai.

Fundi huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipara ingawa alikuwa na nywele tele, alifungua boneti. Akainama, akanusa.

"Nani kaosha injini?"

"Mimi. Alfajiri hii."

"Kwa sabuni?"

"Ilikuwa chafu, baba. Mafuta na vumbi vimegandana. Ningempelekaje mwanangu hospitali na uchafu ule?"

"Mama, injini si shuka. Nyaya zimekunywa maji."

Dereva mstaafu aliyemwuzia Mama Dobi gari hilo la stesheni wagoni, lenye nafasi ya mizigo nyuma, alimpa neno moja tu siku ya kumkabidhi: "Litunze kama ulivyomtunza mwanao." Naye alimtunza mwanawe kwa maji na sabuni. Utunzaji mwingine hakuujua. Tangu mumewe afariki alikuwa akifua mashuka ya nyumba za wageni, akiyabeba kichwani, mpaka shingo ikakataa kugeuka upande mmoja. Gari lilipokuja, shingo ilipumzika. Yeye na binti yake walilibandika jina la Mkwe, kwa sababu haliamrishwi, huombwa. "Shikamoo, mkwe," binti alikuwa akisema kila asubuhi kabla mama hajawasha, nao wakicheka wote wawili.

Leo hakuna aliyeliamkia.

"Tulisukume," alisema Kipara. "Likipata mteremko litawaka."

Ndipo Mama Dobi alipokumbuka kwamba mstaafu alikuwa akiliegesha gari hili juu ya kilima siku zote, mawe mbele ya magurudumu, pua ikitazama chini. "Halijawahi kunilaza njiani," alizoea kujisifu. Naye alidhani mzee anapenda tu kutazama mandhari.

Kipara alisukuma, akaongezeka mpita njia, kisha mwingine. Barabara ikainama. Mama Dobi aliachia klachi. Gari liliruka, likakohoa, likafa, likaendelea kuteremka. Kule chini wanawake walikuwa wamejipanga bombani na ndoo zao. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Gari likasimama. Alivuta breki ya mkono, ikapanda bila kushika kitu. Alitia gia, gia ikaruka, ikarudi katikati. Alipolegeza mguu kidogo tu, magurudumu yakajongea.

"Kipara! Halishiki!"

"Usiondoe mguu! Natafuta mawe!"

Alibonyeza honi. Nayo ilikuwa imekunywa maji. Akatoa kichwa dirishani: "Ondokeni hapo! Jamani, ondokeni!"

"Leo Mkwe kaja kuteka maji!" mmoja alijibu, foleni nzima ikaangua kicheko. "Apange ndoo yake nyuma kama wenzake!"

Nyuma, binti aliuma shuka.

Gari la mikate lilisimama ubavuni. Dereva wake alichungulia, akaona, hakuuliza sana. "Nina nafasi mbele, dada. Tumpakie." Alimshusha binti taratibu, akimshika kwapani. Binti alizunguka hadi dirishani kwa mama yake, uso umelowa jasho.

"Shuka, twende."

"Siwezi, mwanangu."

"Mama, usiniache peke yangu."

"Nikiinua mguu, litawagonga wale."

Binti alitazama bombani. Kichanga kilikuwa mgongoni kwa mwanamke wa mwisho kwenye foleni, kimelala, kichwa kimening'inia pembeni.

"Nani atanishika mkono?"

Mama Dobi alinyoosha mkono nje ya dirisha. Vidole vyao viligusana kabla maumivu hayajamkunja binti tena.

"Dada, muda unakwenda," alisema dereva.

"Mpeleke, kaka yangu. Kwenye mashimo nenda polepole."

Gari la mikate liliteremka likipiga honi. Foleni ilipasuka, ndoo zikaburutwa kando. Lilipopita, wanawake walirudi mahali pao, kila mmoja nyuma ya mwenzake, wakajibana tena.

Kipara alirudi anahema, amekumbatia mawe kifuani. Aliyapachika mbele ya magurudumu, akayagongomea kwa kisigino, akalitikisa gari.

"Tayari, mama. Ondoa mguu."

Mama Dobi alikuwa akitazama kona ambako gari la mikate lilipotelea.

"Limeshika, mama yangu. Haliendi popote."

Alimsikia. Mguu ulibaki palepale, ukikanyaga.