Kikombe Kisichotikiswa

Mume wangu Abu Mutaz hawezi kumfukuza mgeni, na hilo ndilo lililotukosesha ndege. Tulikuwa tumekata tiketi za kwenda na kurudi Kairo, kumjulia hali dada yangu Siham aliyevunjika nyonga. Asubuhi ya safari Abu Nayef akaja kutuaga. Kwetu, mjini Salt, mgeni hujaziwa kahawa mpaka atikise kikombe kuonyesha ametosheka, naye hakukitikisa. Alisimulia habari za kisima chake, akanyoosha kikombe, akajaziwa, akaendelea na kisima. Angekuwa mtu mwingine ningemtimua mwenyewe. Lakini huyu ni baba yake Rawan, msichana ambaye Ijumaa ya wiki ile tulikuwa twende kumposea mwanetu Mutaz, na msemaji wa ukoo siku hiyo ni baba wa kijana, Abu Mutaz. Tukamjazia vikombe kumi na kimoja. Tulipofika uwanjani Amman, ndege ilikuwa imesharuka.

Tukaenda kwa basi, kwa meli, kisha kwa basi tena, siku mbili, miguu yangu ikavimba. Njia nzima bwana huyu alinifariji kwamba tiketi imekufa nusu tu, na Alhamisi tutarudi kwa ile nusu nzima. Nilimwamini, na hilo linaniuma mpaka leo.

Alhamisi, kwenye kaunta ya Kairo, binti mmoja alitazama kompyuta, akatutazama sisi kwa huruma. Akaeleza kuwa asiyepanda ndege ya kwenda hufutiwa na ya kurudi.

"Yaani kwa kuwa sikula mchana, mnaninyima na cha jioni?" Abu Mutaz akauliza.

"Ndiyo utaratibu, haji."

Kwa meli tungefika Jumamosi. Ukoo mzima ungeingia kwa Abu Nayef bila baba wa kijana, na tusi hilo asingelisahau. Niliogopa kweli.

Tukapelekwa kwa msimamizi, kijana mwenye adabu, akatuagizia chai. Abu Mutaz akaiweka mezani, akakunja mikono. Msimamizi akadhani haina sukari, akaongeza vijiko viwili. Akaagiza nyingine yenye mnanaa. Kisha kahawa. Vikombe vitatu vikawa vinapoa mbele ya mzee asiyegusa hata kimoja. Nikaona huyu kijana atamwita daktari, nikasema mwenyewe.

"Mwanangu, huyu hataki sukari. Anataka viti viwili. Kwetu mwenye ombi zito hagusi kikombe mpaka akubaliwe."

"Na akiondoka bila kunywa?"

"Aibu inabaki kwa mwenye chai."

Akavitazama vile vikombe. Akapiga simu mbili, akabonyeza kompyuta kwa muda mrefu, akashusha pumzi.

"Kunywa, haji. Lakini vyote vitatu."

Ijumaa alasiri nilikuwa nyuma ya mlango wa wanawake nyumbani kwa Abu Nayef, nimetega sikio. Nikamsikia mume wangu akiweka kikombe chini na kumposea mwanetu Rawan. Abu Nayef akapanga kwanza mto wake, kwa makusudi tu.

"Kunywa kahawa yako, Abu Mutaz. Rawan ni binti yenu."

Nililia bila kujificha, tukapiga vigelegele. Wanaume wakaaga mmoja mmoja. Abu Nayef akaanza kupiga miayo na kutazama saa, ila Abu Mutaz hakuinuka. Alikuwa akimsimulia safari yetu tangu kituo cha basi, kikombe amekinyoosha. Alipojaziwa cha tisa, kwenye hadithi yake hata meli tulikuwa hatujaiona.